Mjomba wangu alipungua kilo 17 huku kila kipimo kikirudi salama: ugonjwa uliokuwa umejiandika kwenye ngozi yake

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nimechelewa kuuandika uzi huu kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu mgonjwa ninayemzungumzia ni mjomba wangu, na kwa sababu mimi ni daktari na nilikuwa miongoni mwa watu walioutazama ugonjwa wake bila kuuona. Ameniruhusu niueleze mradi nisimtaje jina, na amesema kwamba ikiwa yupo mtu mwingine anayekonda huku akiambiwa hana ugonjwa, basi huyo na asome.

Mjomba ni seremala katika mkoa wa Tabora. Alikuwa na umri wa miaka 46, mtu wa kubeba ubao wa mninga begani peke yake, wakati alipoanza kulalamikia uchovu ambao haukufanana na uchovu wa kazi. Aliamka amechoka, na ikifika saa nne asubuhi aliweka randa chini akaketi juu ya mbao. Hamu ya chakula ilipotea, kikaja kichefuchefu, kisha kutapika siku moja moja, kisha maumivu ya tumbo ambayo hakuweza kuonyesha kwa kidole yako wapi. Hiyo ilikuwa Machi. Kufikia Novemba alikuwa ameshuka kutoka kilo 71 hadi kilo 54. Mtu mzima akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, sisi hufundishwa kwamba ni lazima sababu itafutwe. Mjomba alikuwa amepoteza karibu robo ya mwili wake.

Si kwamba hakutafutiwa sababu. Alipimwa Widal akaambiwa ana homa ya matumbo, akachomwa sindano siku saba. Alihamia kwingine akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa omeprazoli na dawa za kuua bakteria wa tumboni. Alipimwa VVU mara mbili kwa miezi tofauti na majibu yalikuwa kwamba hana, ingawa mtaani walishamhukumu na wateja wawili wakaacha kumpa kazi. Makohozi yake yalipimwa kwa GeneXpert na kifua kikuu hakikuonekana. Picha ya kifua ilionyesha kovu la zamani juu ya pafu la kulia na si kingine. Sukari haikuwa juu, tezi ya shingo ilikuwa sawa, kamera ya tumboni haikuona kidonda wala uvimbe, na ultrasaundi ikasema ini, figo na kongosho ni salama. Alikuwa na bahasha ya kaki imejaa majibu mazuri, na suruali iliyofungwa kwa kamba.

Nami sehemu yangu ni hii. Alinipigia simu, akanisomea karatasi moja baada ya nyingine, na mwishoni nikamwambia kwamba huenda ni mawazo, kwa kuwa alikuwa amefiwa na mkwe wake mwaka ule. Nilimshauri apumzike. Sonona hukondesha kweli, na daktari hana budi kuiulizia. Lakini mimi sikumuuliza swali hata moja la sonona. Nililitumia neno hilo kufungia mazungumzo, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Desemba nilikwenda nyumbani likizo. Asubuhi ya kwanza tulikaa kunywa uji, na nikamwona mjomba akitia chumvi kwenye uji wake, si kidogo, kisha akamimina nyingine kiganjani akailamba. Mkewe akasema kwamba sasa anamaliza paketi ya chumvi kwa wiki, na kwamba maembe mabichi hayali tena kwa ajili ya embe bali kwa ajili ya chumvi inayopakwa juu yake. Mama yangu, ambaye ni dada yake wa kunyonya ziwa moja, alikuwa ameketi karibu naye, akasema, “Kaka yangu amekuwa mweusi kama chungu, na wala hafanyi kazi juani.” Ni kweli, karakana yake ina paa. Niliwatazama wawili wale, ambao tangu utoto wangu walikuwa na rangi moja, na kwa mara ya kwanza nikaacha kufikiria bahasha nikaanza kumfikiria mtu.

Nilimpeleka dirishani penye mwanga. Mistari ya viganja vyake ilikuwa imekolea kama iliyochorwa kwa mkaa, na vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kuliko mkono wote. Alikuwa na makovu mawili mkono wa kushoto: moja la utotoni, lililobaki jeupe kama lilivyokuwa siku zote, na jingine la patasi iliyomteleza mwezi wa Mei, ambalo lilikuwa jeusi tii. Kovu lililopatikana kabla ya ugonjwa huwa halibadiliki, na lililopatikana ndani ya ugonjwa hukolea. Ndani ya shavu palikuwa na mabaka ya buluu nyeusi. Niliomba kitambulisho chake cha kupigia kura, nikaweka picha kando ya uso wake, na mkewe akaanza kulia.

Kisha nikampima presha akiwa amelala: 96 kwa 60. Nikamwambia asimame, na baada ya dakika tatu ilikuwa 70 kwa 42, naye ameshika fremu ya dirisha asianguke. Katika vituo vyote alivyopita, presha yake ilikuwa imepimwa ameketi.

Hapo nikarudia maswali kutoka mwanzo, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kwenye simu. Ndipo nikajua mawili. La kwanza, lile kovu la pafu lilitokana na kifua kikuu alichotibiwa miaka 11 iliyopita, mimi nikiwa bado shuleni. La pili, mwezi wa Agosti jirani alimpa vidonge vya kuongeza mwili, vile vinavyouzwa kwa kuhesabu bila boksi. Kwa wiki mbili mjomba alikula, alitembea, hata akarudi karakana. Vidonge vilipokwisha, alianguka vibaya kuliko mwanzo. Alinionyesha kilichobaki cha karatasi yake, na ilikuwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayofanya kazi kama ya kotisoli, homoni ya mwili nitakayoieleza hapa chini. Dawa ambayo jirani aliitoa ili kunenepesha ilikuwa imejaza kwa siku 14 pengo lenyewe ambalo mwili wake ulikuwa nalo, na hakuna aliyeulizwa kwa nini ilimfaa kiasi kile.

Tulipanda basi la alfajiri kwenda hospitali ya rufaa. Njiani alitapika mara nne, na tulipofika saa tatu asubuhi hakuweza kuketi. Namshukuru daktari wa zamu, kijana mwenye kusikiliza, kwa sababu nilipomwambia ninachokishuku hakusema tusubiri majibu. Alichota damu ya kotisoli na ya madini, na dakika ileile akampa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 kwenye mshipa pamoja na dripu za maji ya chumvi na sukari. Sodiamu ilirudi ikiwa 121, wakati inatakiwa kuwa kati ya 135 na 145. Potasiamu ilikuwa 6.1. Sukari ilikuwa 3.1. Kotisoli ilikuja baadaye: nanomoli 58 kwa lita, kwa mtu aliyekuwa karibu kuzimia, saa ambayo mwili wenye afya ungeipandisha juu sana. Jioni ileile mjomba aliomba ugali kwa samaki, akala akamaliza, akauliza kama kuna mwingine.

Ugonjwa huu unaitwa Addison. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo ya adrenali, na sehemu yake ya nje hutengeneza kotisoli, ambayo mwili huitumia kushikilia sukari, presha na nguvu za kukabili maradhi, pamoja na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Tezi zikiharibiwa polepole, mtu huendelea kuonekana mzima mpaka sehemu kubwa sana, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90, iwe imekwisha. Weusi hutoka kichwani: tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huona kotisoli haipo, hivyo huongeza homoni ya ACTH ili kuziamsha adrenali zisizoamka, na homoni hiyo inapozidi huziamsha pia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tamaa ya chumvi ni mwili kudai kile ambacho figo zinakimwaga.

Thomas Addison, daktari wa Hospitali ya Guy's jijini London, aliueleza mwaka 1855 kwa wagonjwa 11, na kadhaa kati yao tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Ulaya ya leo sababu kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, lakini kwenye nchi zenye kifua kikuu kingi sababu ya Addison mwenyewe haijaondoka. Vijidudu huweza kufika kwenye adrenali kupitia damu na kuziharibu taratibu kwa miaka mingi baada ya mapafu kupona. CT-Scan ya mjomba ilionyesha tezi zote mbili zimevimba na zina chembechembe za chokaa. Ultrasaundi ya mwanzo haikukosea. Kipimo hicho huzikosa adrenali kwa urahisi, na hakuna aliyekuwa ameagiza zitazamwe.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

Mchangiaji, mtaalamu wa maabara

Ahsante, daktari, kwa uzi wenye faida. Naomba kuongeza mambo ya upande wetu. Kotisoli hupanda na kushuka kwa saa, na kwa mgonjwa asiye wa dharura damu inatakiwa ichukuliwe karibu saa mbili asubuhi, si mchana anapopata nafasi ya foleni. Mgonjwa anayetumia prednisoloni, steroidi nyingine, anaweza kuonekana ana kotisoli ya kutosha kwa sababu mashine nyingi huichanganya dawa hiyo na homoni yenyewe. Deksamethasoni kwa kawaida haichanganywi hivyo, ila huilaza tezi, kwa hiyo nayo hupotosha majibu. Tafadhali waulizeni wagonjwa kuhusu vidonge vya kunenepa na hata mafuta ya kung'arisha ngozi, maana mengine yana steroidi.

Na potasiamu iliyo juu isiaminiwe kabla ya kutazama kama chembe nyekundu zilipasuka kwenye kichupa wakati wa kuchota au kusafirisha damu. Katika kesi hii sodiamu ilikuwa chini kwa wakati uleule, presha iko chini na sukari iko chini, kwa hiyo namba zinasemezana. Linalonisikitisha ni kwamba kwa miezi yote ile hakuna aliyeagiza sodiamu na potasiamu, wakati mashine za kupima madini zipo hata kwenye baadhi ya hospitali za wilaya.

Mchangiaji, Mombasa

Daktari, shukrani. Nina swali ambalo si la ubishi. Fizi zangu ni nyeusi tangu utotoni, na za baba yangu vilevile, na jamaa zangu wengi tuko hivyo. Mtu mweusi atajuaje kwamba weusi wake ni ugonjwa? Nina dada yangu ambaye amekonda tangu Ramadhani na anasema rangi imemharibika.

Mleta uzi

Swali lako ni la msingi, ndugu yangu, na vitabu vingi tulivyosomea huonyesha mikono ya Wazungu, ambako weusi huu hauhitaji kutafutwa. Fizi nyeusi za tangu utotoni ni maumbile ya watu wengi wa kwetu na hazina maana yoyote. Kinachotafutwa ni badiliko. Mtazame dada yako kando ya ndugu wa tumbo moja, mtazame kando ya picha yake ya miaka miwili iliyopita, na waulize wanaokaa naye, kwa kuwa mwenye ngozi huzoea. Baada ya hapo tazama sehemu zisizopigwa na jua: mistari ya viganja, ndani ya mashavu, chuchu, mahali panapobanwa na mkanda au sidiria, na makovu mapya.

Lakini nakuomba usianze na Addison. Muulize kwanza kama anakula. Anayekula vizuri na bado anakonda hutufanya tufikirie kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au utumbo usionyonya chakula. Anayekonda kwa sababu hali chakula hutupeleka kwingine: kifua kikuu, VVU, saratani, figo, shida ya kumeza, meno, sonona, na huko mwishoni ndiko adrenali zilipo. Mpeleke apimwe hayo ya kawaida, na aombe presha yake ipimwe amelala na amesimama.

Mchangiaji, daktari

Nauheshimu uzi huu, ila nina wasiwasi. Ugonjwa wa Addison ni adimu. Kwa kila mjomba mmoja kama huyu kuna mamia wanaokonda kwa kifua kikuu, VVU, kisukari na saratani, na tukiwajaza watu hofu ya kotisoli watauza mbuzi kulipia kipimo wasichokihitaji, huku saratani ya umio ikiendelea kukua kwa sababu hakuna aliyewauliza kama chakula kinakwama. Makohozi hasi hayafuti kifua kikuu. Mara nyingi jibu liko kwenye lile la kawaida lililotafutwa nusunusu.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe, daktari mwenzangu, karibu neno kwa neno. Wala sipendekezi kotisoli kwa kila aliyekonda. Ninachokipigania kinakuja kabla ya kipimo na hakina gharama: kusikiliza historia upya kila mgonjwa anaporudi bila nafuu. Mjomba alitembelea vituo vitano, na kila kituo kilianza kwa kusoma karatasi za kituo kilichotangulia, kisha kikaongeza kipimo kingine juu yake. Kifua kikuu cha zamani, chumvi, kizunguzungu cha kusimama, na nafuu ya ajabu aliyoipata kwa vidonge vya jirani vilikuwa vimekaa mdomoni mwake vikisubiri swali. Yote manne yakiwekwa pamoja na weusi mpya, kotisoli si kipimo cha kubahatisha tena.

Mchangiaji, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu

Naomba kuuliza kuhusu rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Tuliwahi kuwa na mama aliyeanza dawa za kifua kikuu, akazidi kudhoofika ndani ya wiki mbili, presha ikashuka, na sote tukasema dawa zimemkataa. Aliokolewa na haidrokotisoni aliyopewa na daktari mgeni. Je, yawezekana ilikuwa hivi?

Mleta uzi

Yawezekana sana, ingawa siwezi kumpima mgonjwa wako kwa maandishi. Rifampisini huharakisha ini kuivunja kotisoli. Mwenye adrenali nzima hutengeneza zaidi na hasikii kitu. Mwenye adrenali zilizobakiwa na kidogo huporomoka, na kwa kawaida huwa ni katika wiki za mwanzo, kama ulivyoona. Kwa sababu hiyohiyo, mjomba alipoanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi 6, kipimo chake cha haidrokotisoni kiliongezwa, kikarudishwa chini baada ya kumaliza. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu, na sehemu kubwa humezwa mara tu mtu anapoamka, pamoja na fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi. Dawa hizi ni za maisha. Tezi zilizoharibiwa hivi kwa kawaida haziamki tena hata vijidudu vikifa.

Akipata homa, huongeza dozi mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa. Akitapika asiweze kuweka dawa tumboni, huchomwa haidrokotisoni miligramu 100 bila kusubiri na kukimbizwa hospitali. Shangazi, yaani mke wa mjomba, amefundishwa kuichoma mwenyewe kwenye paja.

Mchangiaji, Mombasa

Daktari, nimerudi kutoa taarifa. Dada yangu amepimwa, na sukari yake ilikuwa 19. Ameanza dawa za kisukari. Rangi, alisema mwenyewe, ilikuwa ni krimu aliyoiacha.

Mleta uzi

Nimefurahi kusikia kwamba imejulikana mapema, na namwombea nafuu. Kuhusu krimu, tafadhali amwambie daktari wake jina lake na muda alioitumia, kwa kuwa kuiacha ghafla krimu yenye steroidi iliyotumika muda mrefu kunaweza kuziacha adrenali zimelala. Wenye tezi zilizolazwa hivyo hawawi weusi kama mjomba, kwa sababu pituitari yao nayo imenyamaza, na ndiyo maana ni rahisi kuwakosa.

Mchangiaji, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu

Na mjomba mwenyewe anaendeleaje?

Mleta uzi

Kabla ya dawa ya kotisoni kupatikana, wagonjwa wa namna yake walikuwa wakifa baada ya miaka michache. Waliofanya utafiti ulioileta dawa hiyo, Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950, na John F. Kennedy, aliyegunduliwa na ugonjwa huuhuu akiwa London mwaka 1947, aliishi na kuwa rais wa Marekani akiwa nao. Mjomba alipenda sana kuisikia habari hiyo, akaniomba niirudie mbele ya wateja wake.

Wiki iliyopita alikuwa na kilo 67. Mistari ya viganja imefifia, ila lile kovu la patasi bado ni jeusi. Shida yetu kubwa ni fludrokotisoni, ambayo tulizunguka maduka mengi ya dawa bila kuipata na sasa tunaletewa na jamaa kutoka nje kila baada ya miezi mitatu. Kama kuna mwanajamvi anayeijua famasi inayoiweka kwa uhakika, naomba aniandikie hapa. Zimebaki vidonge 41.